Yungiyungi katika Daftari la Ubatizo

Karani wa parokia ana vidole virefu vyenye doa la wino lisilotoka, na sauti ndogo inayowalazimisha watu waiinamie meza yake. Kabla ya kuandika jina la mtoto katika daftari la ubatizo hulitamka mara mbili, polepole, kama anayeonja chumvi, kisha huweka rula chini ya mstari. Habishani na mtu. Wazazi wakizozana, yeye hupangusa miwani kwa pindo la shati na kungoja.

Asubuhi moja mama kijana alimletea binti mchanga na jina la Susana, jina la marehemu dada yake aliyemlea. Mama mkwe wake, aliyekuja naye, akadakia, "Huyo Susana alifanya nini cha maana? Tafuta jina zito bwana!" Mama kijana akainamisha kichwa. Karani akaweka kalamu chini, jambo asilolizoea. "Bibi, ni jina la Kiebrania, maana yake ua la yungiyungi. Injili inamtaja Susana mara moja tu, kati ya wanawake waliomfuata Yesu na kumhudumia kwa mali zao. Halafu inasema walikuwapo na wengine wengi."

"Hao wengi waliitwa nani?"

"Hawakuandikwa, Bibi."

Mama mkwe, ambaye kwa miaka thelathini amedeki kanisa lile bila jina lake kusomwa popote, alimwinamia mjukuu wake.

"Basi huyu mwandike," akasema. "Tena kwa herufi kubwa."