Gobole Nililoliruka Mara Mbili

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nyumbani kwa babu kulikuwa na magobole mawili, na mimi kama msichana sikuruhusiwa kuruka hata moja. Mwanamke akiruka gobole, tuliambiwa, amelifunga. Ushindilie baruti utakavyo, halitalia. Babu alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili alisoma somo mbele ya watu wote, lakini hili la magobole aliliamini kuliko baadhi ya masomo aliyoyasoma.

Baba na mama walikuwa na duka la nguo Mukendo, mjini Musoma. Mimi nililelewa kijijini kando ya ziwa, kwa babu na bibi, pamoja na baba mdogo ambaye alikuwa hajaoa. Babu alilipenda gobole la jiwe, refu kuliko mimi, ambalo gumegume lake lilipiga chuma likatoa cheche. Alisema hiyo ndiyo silaha ya mtu mwenye subira. Baba mdogo alimcheka. Yeye alipenda la fataki, fupi na jepesi: unapachika kifataki cha kuwashia baruti, unafyatua, kazi imekwisha. Mimi nilikuwa upande wa baba mdogo, ila hakuna aliyeniuliza.

Mwaka huo mamba alihamia pale tulipochotea maji. Alikula mbuzi wawili, kisha akamkosa kidogo tu mwanamke jirani yetu. Babu akaamua mamba auawe. Baba mdogo akalitoa gobole la fataki, akalipaka mafuta ya sangara lisishike kutu. Kwetu mafuta ya sangara yalipakwa kila kitu, kuanzia miguu ya watoto hadi bawaba za milango. Halafu akalilaza juani juu ya mwamba, karibu na dagaa waliokuwa wakikauka. Kuku akaja kudonoa dagaa. Nikamkimbiza. Kuku akapita juu ya gobole, na mimi nikapita juu ya gobole. Baba mdogo aliniona.

Kesho yake asubuhi alilishindilia, wakaenda ziwani. Mamba alikuwa amelaza tumbo mchangani, karibu kabisa. Baba mdogo akafyatua. Fataki ililia, baruti haikushika moto. Mamba akaingia majini kwa raha zake.

Hapo ndipo baba mdogo alipokumbuka kuniona. Niliitwa uani mbele ya majirani, nikapewa kikombe. Nilitakiwa nijaze maji mdomoni, niyateme kwenye mtutu ili lifunguke, kisha nikiri kwamba mimi ndiye niliyelifunga. Nikikiri, kwisha. Nisipokiri, ningepelekwa Bunda, Nyasura, kwa shangazi aliyekuwa amejifungua na anatafuta mtu wa kumlelea mtoto. Shule ningeiacha. Niliipenda shule kuliko kitu chochote duniani, na babu alilijua hilo.

Nilimwaga yale maji chini.

"Mimi sijafunga kitu, babu," nilisema. "Baba mdogo alilipaka mafuta mengi, yakayeyuka juani yakaingia ndani."

"Mtoto anabishanaga na wakubwa tangu lini?" baba mdogo aliuliza. Bibi alikuwa pembeni akimenya mihogo. Hakuinua kichwa.

Babu alikuwa ameshaitoa ile baruti iliyogoma, imeganda kama ugali wa jana. Niliokota bonge, nikampelekea puani. Lilinuka samaki. Akalinusa. Akaagiza maji ya moto, akausafisha mtutu kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, uliofungwa kitambaa, akaukausha vizuri, akashindilia upya. Nilidhani mambo yameisha. Akalilaza gobole kwenye mkeka, bila fataki, akaniambia nikiri kwanza ndipo waende.

Sijui niliupata wapi ule moyo. Niliinua gauni kidogo, nikaliruka gobole, polepole, kila mtu aone. Baba mdogo alininyanyulia mkono, babu akamzuia. "Muache," alisema. "Tutaona."

Alasiri mamba alirudi mchangani. Sisi wanawake tulisimama juu kwenye miamba. Nilikuwa naomba lilie, maana likigoma tena, Nyasura ilikuwa inaningoja. Gobole likalia. Mamba hakuinuka tena, na mimi nikalia kwa furaha.

Babu akaja, akaniwekea mkono kichwani mbele ya kijiji kizima, akasema, "Mjukuu wangu aliruka akalifunga. Leo amerudia kuruka, amelifungua."

Watu wakapiga makofi. Shule niliendelea nayo, lakini ushindi wangu walinipokonya mchana kweupe. Tangu siku hiyo wanaume waliniletea magobole yao niyaruke kabla ya kwenda kulinda mashamba. Sikuruka hata moja.

Siku iliyofuata tulikwenda na bibi kuchota maji. Alisubiri tuwe peke yetu.

"Mimi nayarukaga kila siku nikifagia," alisema. "Si nayatoaga chini ya kitanda nayalaza sakafuni? Tangu nilipoolewa."

Nikamuuliza, mbona jana hakusema.

"Ningesema, wangenihesabia kila mnyama aliyewahi kuwakimbia."

Sasa naishi Buhare, nina mabinti wawili. Magobole yalisalimishwa polisi zamani. Mwaka jana, kwenye kikao cha ukoo kule Butiama, baba mdogo, ambaye sasa ni mzee wa mvi, alisimulia tena jinsi nilivyolifunga na kulifungua. Watu wakacheka. Nikasimama nikasema ni mafuta ya sangara, tena aliyapaka yeye. Aliniambia sina adabu. Nilimjibu kwamba adabu ninayo, uongo ndio nisioutaka, nikakaa.

Lakini sikasiriki kwa ajili yake. Yeye aliamini alichokisema. Anayenisumbua ni bibi, ambaye nilimpenda na nampenda hata sasa akiwa kaburini. Najua kwa nini alinyamaza. Alikuwa mke kwenye boma la watu, na yale aliyoyaogopa yangempata kweli. Namwelewa, ila sijamsamehe. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama peke yangu pale uani. Na mimi niliogopa, na nilisema.