Makosa ya Dada Joyce Niliyoyaficha

Jamani, hii post nimeiandika nikaifuta mara nne. Dada Joyce wangu wa masjala tumemzika juzi kwao Hombolo, na kichwa changu kimegoma kabisa kukubali.

Kwa wasiomjua: ndiye aliyekuwa anatunga ile chemsha bongo ya Jumamosi gazetini, ya kujaza maneno kwenye miraba. Wengi mnaijaza bila kujua inatungwa hapa Dodoma na mama mmoja wa masjala, kwa penseli, kwenye daftari la hesabu.

Tulijuana kwa ugomvi. Nimehamia ofisini kutoka Tanga, sina mtu, baridi ya Juni imenikaba, na raha yangu moja ni chemsha bongo ya gazeti la ofisi. Kila nikilipata nakuta imeshajazwa. Siku hiyo nikashuka masjala nimevimba.

"Nani anajaza miraba ya gazeti la watu wote?"

Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi. Ila namba tisa imenishinda. Metali iliyo kimiminika, herufi sita."

"Zebaki," nikajibu, hasira nimeshaisahau.

"Haya, kaa hapo mdogo wangu." Baadaye nikajua ndiye mtunzi, anaijaza kuihakiki, na jibu alikuwa nalo tangu mwanzo. Nilikaa miaka saba.

Ndiye aliyenisimulia kwamba chemsha bongo ya kwanza ya aina hii ilitoka kwenye gazeti la Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, ina umbo la almasi na tundu katikati. Alisimulia kama vile yeye ndiye aliyepeleka karatasi kwa mhariri!

Alikuwa mkali na ukweli wa mambo. Mto, sayari, mji mkuu, vyote anahakiki mara mbili. "Mtu akikosea kwenye mtihani anaumia peke yake," alikuwa anasema. "Mimi nikikosea, nchi nzima inakuna kichwa."

Kazi yangu ilikuwa typing. Yeye anatunga daftarini, mimi naingiza kwenye kompyuta na kumtumia mhariri email kabla ya deadline ya Alhamisi mchana.

Sasa nifike kwenye kile kinachonitafuna.

Mwaka jana, baada ya Pasaka, nilifungua daftari nikakuta: "Mji mkuu wa Zambia", miraba minane. Jibu, LILONGWE.

Nilicheka. Nikafuta Zambia nikaweka Malawi, nikatuma. Sikumwambia.

Wiki iliyofuata neno moja lilitokea mara mbili. Iliyofuata, herufi zilikuwa zimeruka miraba. Ikafika mahali kila Jumatano naogopa kulifungua lile daftari, na nikilifunga nimeandika upya karibu nusu.

Nilikuwa naogopa gazeti litamwondoa. Naogopa ataumia. Nikajiambia amechoka, ni pilika za Bunge la bajeti, zitapita. Ofisini jina la printer likimpotea akaiita "kile kitu", nacheka naye.

Miezi mitatu, jamani.

Asubuhi moja ya Jumatatu akaja mezani kwangu, mkono mmoja gazeti, mkono mwingine daftari. Kwanza alifunga mlango.

"Rehema, hii kazi ni ya nani?"

"Yako, dada."

"Usinidanganye. Mto unaojaza bwawa la Mtera, hapa gazetini ni Ruaha. Daftarini nimeandika Pangani. Mimi! Samaki wa Mtera nawala kila wiki!"

Akaweka vyote viwili mbele yangu.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Akavuta kiti akakaa. Hakupiga kelele, na bora angepiga.

"Kichwa kinaniuma tangu Pasaka," akasema. "Maneno yananikimbia. Lakini kila Jumamosi nikifungua gazeti nakuta kila kitu kiko sawa. Nikawa najiambia, Joyce, huumwi."

Nilitamani sakafu inimeze.

Tulikwenda hospitali siku ileile. Kipimo cha kichwa kikaonyesha uvimbe, umeshakaa mahali ambapo kuufikia kwa upasuaji ni hatari. Nilimfuata daktari kwenye korido nikamuuliza: tungekuja mapema, ingesaidia? Akasema, "Dada, siwezi kukujibu kwa uhakika."

Jibu hilo naamka nalo na kulala nalo.

Miezi iliyobaki nilikuwa naenda kwake Chang'ombe, hii ya Dodoma, kila nikitoka kazini. Hatukuligusa tena lile jambo. Nilikuwa namsomea gazeti, na akipotelewa neno namtajia palepale. Nilishajifunza, kwa kuchelewa.

Mumewe, shemeji Simoni, alikuwa ananishukuru kila siku. "Wewe ni ndugu, Rehema." Kila akisema hivyo najiuliza: Akijua je?

Juzi baada ya mazishi nilishindwa. Nikamvuta pembeni, nikamweleza yote, Zambia, Mtera, miezi mitatu. Nilikuwa tayari anifukuze mbele za watu.

Akageuza macho kwenye mizabibu ya wakwe zake. Halafu akasema, "Alishaniambia, jioni ileile tuliyotoka hospitali. Akaniapisha nisije nikakuuliza hata siku moja. Alisema hutaweza kubeba."

 Dada Joyce ndiye aliyekuwa anakufa, na bado alipata nafasi ya kuwa na wasiwasi juu yangu.

Wenzangu, kama kuna mtu wako ameanza kupoteza maneno na wewe unamfunikia kwa upendo, mwambie. Mwambie leo. Mimi ile hofu kwamba nilimchelewesha bado ninayo, na msamaha wa Dada Joyce haujaiondoa.

Dada Joyce, siku zote hizi ulijua shemeji anajua, na bado kila nikifika ulinipokea kwa tabasamu. Asante. Lala kwa utulivu, dada yangu, usinihangaikie tena.