Jumanne ya Juma Kuu

Kwetu hakuna asiyejua kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimehakikisha wanajua. Mtu akikosea umri wake mwenyewe mbele yangu, namsahihisha. Kwa hiyo mwaka jana, Krismasi ikikaribia, mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Dar, hakuniuliza hata kama nitaweza.

"Dada, kaburi la baba tunaliwekea vigae kabla watu hawajapanda kuja Krismasi. Na lile la mtoto pia. Fundi anataka tarehe aliyofariki. Wewe piga hesabu."

Mtoto ni kaka yetu. Alifariki akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, kabla sisi tulio hai hatujazaliwa, akazikwa kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo huku mlimani, kati ya migomba na kahawa, pale tulipokuja kumlaza baba miaka mingi baadaye. Picha hana, cheti hana. Kaburi lake lilikuwa tuta tu lililozungushiwa mawe. Mama hulipalilia mwenyewe na hataki msaada wa mtu.

Nilimpigia mama nikiwa kwangu Njoro, mjini, nasubiri maharage yaive. Nilikuwa na haraka, sina sababu ya kuficha. Akasema tarehe haijui, enzi zile nani aliangalia tarehe.

"Matawi yalikuwa bado mabichi mlangoni," akasema. "Ilikuwa siku ya soko. Alikuwa na homa, na mimi nimeshuka sokoni na mkungu kichwani nipate hela ya kumpeleka hospitali. Wewe ulikuwa tumboni. Nisingeweza kumbeba na yeye, nikamwacha kwa bibi yenu. Nilivyorudi nikakuta wanawake wamejaa uani. Tulizika kesho yake. Padri hakusoma misa, aliyezika ni katekista."

Sikumwambia hata pole. Nilimwambia, "Sawa mama, hiyo inatosha," nikakata simu.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi, na niliifurahia. Aliyekuwa tumboni ni mimi, basi mwaka ni ule niliozaliwa. Matawi mabichi maana yake Jumapili ya Matawi imetoka kupita, yaani tuko ndani ya Juma Kuu. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa lini, simu ilinipa jibu papo hapo. Soko letu ni Jumanne na Jumamosi, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Ingekuwa Jumamosi, wangezika siku ya Pasaka yenyewe, na mama asingeacha kulitaja hilo. Basi Jumanne. Lile la katekista nililiweka pembeni, nikasema labda padri alisafiri. Maharage hayajaiva nimeshamtumia mdogo wangu tarehe, siku, mwezi na mwaka.

Fundi wa mtaa wa Majengo alichonga kibao cha marumaru, kizuri kweli. Krismasi ilipofika tukapanda wote mlimani kama ilivyo kawaida yetu, na kesho yake padri akaja kubariki makaburi. Baada ya baraka watu wakala, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, mdogo wangu akasimama kutoa shukrani. Akasema kaka yetu alikaa miaka yote bila tarehe, leo anayo, na aliyeitafuta ni dada. Watu wakapiga makofi. Nami nikanyanyuka nikainama kidogo, kama bibi harusi. Nikikumbuka kule kunyanyuka mpaka leo natamani ardhi ipasuke.

Jioni wageni walipopungua, nikawa naosha masufuria na mama.

"Ile tarehe," akaniuliza, "ilikuwa siku gani?"

"Jumanne, mama. Siku ya soko."

Akaendelea kusugua sufuria. "Enzi zile soko lilikuwa Jumatano. Walilihamisha wewe ukiwa unatambaa, ili magari ya mjini yaweze kuja. Tulizika Alhamisi Kuu. Ndiyo maana hapakuwa na misa."

Alisema bila kunilaumu, kama anayenikumbusha kwamba chumvi imekwisha. Nimekulia kanisani. Tangu komunyo ya kwanza ninajua kwamba Alhamisi Kuu hakuna misa ya mazishi. Mama alikuwa amenipa jibu lote kwenye simu, nami nikachukua nusu iliyonifaa. Swali moja tu, "Mama, soko lilikuwa siku gani wakati huo?", lingetosha. Sikuliuliza kwa sababu nilijiona najua.

Usingizi haukuja. Mtoto aliishi siku za kuhesabika hapa duniani, nami nimempunguzia moja, nikaichonga kwenye jiwe, nikapigiwa makofi. Halafu likaja lile ambalo kwenye simu nililipita kama tarakimu nyingine yoyote: aliachwa nyumbani kwa sababu yangu mimi. Mgongo wa mama ulikuwa wake, na mimi nikiwa bado sijazaliwa nilikuwa nimeshamnyang'anya. Najua mtu hawezi kuwa na kosa akiwa tumboni. Kulijua hilo hakukunisaidia.

Sisi Wachagga, mtu akitaka msamaha hasa hasa huchuma jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani, akalifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Ukiletewa isale huruhusiwi kukataa, hata kama umeumizwa kiasi gani. Asubuhi nikachuma langu. Hata nilipokuwa nalifunga nilijiona mjanja mbaya, maana nilikuwa namwendea mama yangu na kitu asichoweza kukikataa.

Nilimkuta kaburini, anafuta vumbi kwenye kibao kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikampa isale kwa mikono miwili. "Nisamehe. Nimeshamtumia fundi ujumbe. Wiki hii atakuja kung'oa hiki, achonge kingine chenye siku yenyewe. Gharama ni juu yangu."

Alilipokea jani, akaliangalia, akasema, "Aika," yaani asante. Kisha akauliza, "Mdogo wako umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie. Na huyo fundi asije."

"Mama, hiyo si siku yake. Kibao kinasema uongo."

"Jumanne ile unaijua wewe?" Hakuwa mkali, ila aliniangalia mpaka nikainamisha macho. "Alikataa uji. Akishikwa na bibi yenu analia, akishikwa na baba yenu analia. Nikamchukua mimi. Majani ya ng'ombe sikukata, maji sikuchota, moto sikuwasha. Kutwa nzima alilala hapa." Akajigusa bega la kushoto. "Jumatano ndiyo sikuwepo."

Akageuka akaendelea kufuta, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye tarehe.

"Iache hivyo hivyo," akasema. "Jumanne nilikuwa nimembeba."