Herufi za Katani

Nilipopangiwa kazi Msimbu nilikuwa kijana, nimetoka kwetu Visiga na sanduku la bati na cheti cha ualimu ambacho wino wake ulikuwa bado unang'aa. Enzi hizo ni za Mwingereza. Shule yetu ilikuwa banda refu la udongo lililoezekwa makuti, madirisha hayana mbao, na yeyote aliyepita nje alisikia kila tulichofundisha.

Ndivyo alivyosikia yule msichana. Surua ilimpofusha akiwa mdogo, na alilelewa na bibi yake, ambaye shamba lake la mihogo lilipakana na uwanja wa shule. Bibi akilima, mjukuu alikaa kwenye kivuli cha ukuta wetu akisuka ukili wa mikeka. Siku moja niliuliza darasani saba mara nane. Wengine wakaanza kuhesabu vidole. Jibu likatoka dirishani: "Hamsini na sita!"

Watoto wakaangua kicheko. Mimi nikatoka nje.

"Nani kakufundisha?"

"Si wewe, mwalimu? Unapiga kelele kila siku."

Nikamwomba mwalimu mkuu nimwingize darasani. Alikuwa mtu mpole, ila aliwaogopa sana wakaguzi. "Ataandikaje? Atasomaje?" akaniuliza.

"Bado sijui."

Mwishowe akasema, "Haya, mlete. Lakini usinitie matatani."

Basi akawa anakaa mbele. Kwenye hesabu za kichwa hakuna aliyemgusa, na hadithi niliyoisimulia mara moja aliweza kuirudia yote, mpaka kikohozi changu. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alikunja mikono mapajani akasubiri. Asubuhi moja akachoka kusubiri.

"Mwalimu, wenzangu wanasema wanasoma A. Hiyo A ni kitu gani? Imesimama au imelala?"

Chuoni tulifundishwa kupanga somo, kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka, hata kulima bustani ya shule. Kuhusu mtoto asiyeona hakuna aliyetuambia neno. Nikamshika kidole nikachora naye A mchangani. Alipojaribu kuipapasa mwenyewe, mchanga ukabomoka na A ikapotea.

"Imekwenda wapi?" akauliza.

Jioni hiyo nikaomba kipande cha gunia dukani, nikakaa kibarazani kwangu na sindano kubwa, nikashona herufi kwa uzi wa katani. Wapita njia walinicheka, mwanamume mzima anashona gunia kuukuu. Kesho yake nikampa. Akapapasa juu, akapapasa chini, akainua uso.

"Mwalimu, mimi naona gunia tu."

Alikuwa sawa. Gunia lilikuwa linakwaruza kila mahali, herufi zangu zilizama humo. Nikaanza upya kwa kitambaa laini cha pamba, kile kiitwacho marekani, na katani nikaisokota iwe nene. Safari hii vidole vyake vilisimama. Akaifuata herufi polepole, akashuka nayo, akapanda, akaukuta ule mti wa katikati.

"Kama paa la nyumba," akasema. "Na boriti yake."

"Ndiyo hiyo A."

Aliishika mpaka kengele ya kutoka ikalia. Baada ya hapo sikupata raha: kila asubuhi alitaka herufi mpya. Wasichana wenzake wakaanza kunisaidia kushona, na wakati wa mapumziko walifumba macho wakashindana naye kusoma kwa vidole. Alikuwa akiwashinda na kuwacheka. Kabla ya mvua za masika alisoma neno lake la kwanza, "nazi," kisha akataka kujua kwa nini tulianza na nazi na si jina la bibi yake. Nikashona jina la bibi yake.

Mkaguzi alipokuja, mwalimu mkuu alimweka msichana yule nyuma kabisa. Lakini msichana hakujua kunyamaza. Mkaguzi alipomsikia akijibu, akamwendea, akakikuta kitambaa mapajani pake. Aliniuliza maswali mengi, kisha akatuambia kwamba huko bara wamisheni wamefungua shule ya wasioona, wana vitabu vya nukta zilizotokeza juu ya karatasi, na wanapokea watoto wa kila mahali.

Nikampelekea bibi habari. Nilimkuta anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kimetulia mkononi.

"Shule ya wamisheni," akasema. "Watambatiza mjukuu wangu. Wewe Mwislamu mwenzangu, wako ungempeleka?"

Sikutaka kumdanganya. "Ningempeleka, bibi. Na ningekwenda mwenyewe kuwaona hao watu wakoje."

Msichana alikuwa mlangoni. "Bibi, sala zangu zote nimezihifadhi kifuani," akasema. "Nani ataingiza mkono azitoe?"

Bibi akacheka huku machozi yanamtoka. "Basi mpeleke wewe," akaniambia. "Na ukiona hapafai, rudi naye."

Tukapanda treni Soga. Njia nzima aliniuliza nje kuna nini, nami nikamweleza mkonge, mto Ruvu, stesheni moja baada ya nyingine. Shuleni nikaongea na walimu, nikaambiwa watoto wa Kiislamu wana nafasi yao ya kusali, na nikaiona kwa macho yangu. Nilipomuaga hakulia. Mikono yake ilikuwa tayari juu ya kitabu.

Likizo alirudi nyumbani na kitabu kinene kuliko vyote vilivyokuwa shuleni kwetu. Akakaa kibarazani na bibi yake, akaanza kusoma hadithi kwa sauti, vidole vinakimbia. Bibi alisikiliza kidogo, akainuka ghafla, akajifunga kanga vizuri.

"Ishia hapo hapo," akasema. "Usiendelee mpaka niwaite majirani."

Akatoka mbio kama msichana. Mjukuu akaacha kidole pale alipofika, akasubiri huku anatabasamu.