Niliuza apartment Kileleshwa kabla ya miaka mitatu, capital gains tax ikanifunza adabu

Wakuu, niaje. Hii sikuambiwa na mtu, imenipata mimi mwenyewe, na mpaka sasa sijui kukaa mahali nikatulia. Mkitaka kucheka chekeni, lakini someni mpaka mwisho.

Nafanya kazi ya ofisi hapa tao. Karibu miaka miwili iliyopita nilinunua apartment Kileleshwa, floor ya nne. Siku ya kuandika agreement, yule aliyekuwa ananiuzia akaniambia tuandike bei ya chini kidogo, stamp duty, ule ushuru wa mnunuzi, isinimalize. Nikakubali bila kufikiria mara mbili. Kila mtu ninayemjua alifanya hivyo. Nilitoka pale nikijiona mjanja sana.

Mwaka huu mathe, mama yangu, akaanguka kwake Uthiru, akavunjika nyonga. Alikuwa anaishi nyumba ya kupanga, ngazi tupu, choo nje. Nikamleta kwangu.

Shida ni lift yetu. Ikifanya kazi wiki moja, inalala tatu. Mathe akakaa huko juu miezi miwili bila kukanyaga chini. Mtu wa kwaya, mtu wa chama, sasa anakaa dirishani, na kila jioni nikifika ananiuliza, "Nitarudi kwa watu wangu lini?"

Hilo swali lilikuwa linanikula.

Basi Mzee Kamau, jirani yake wa zamani ambaye wanasali naye kanisa moja, akawa anauza nyumba ndogo huko Uthiru. Haina ngazi hata moja. Tukaelewana bei, akanipa mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anaingoja na pesa mkononi. Nikamwambia mathe. Akaanza kupanga atapanda sukuma wiki upande gani. Hapo nilikosea, kumwambia mapema.

Buyer wa apartment nilipata haraka, kijana na bibi yake, wana mtoto mchanga. Bei yao ilikuwa karibu ile ile niliyonunua nayo. Nikajiambia sina faida, so sina ushuru.

Wakili wangu ako Hurlingham, mama mpole sana. Akaniuliza, "Umeishi hapo miaka mitatu mfululizo?"

"Bado."

"Ungekuwa umefikisha, hungelipa hii capital gains tax. Sasa utalipa asilimia kumi na tano ya faida."

Nikamwambia faida hakuna. Akafungua agreement yangu ya kwanza, akaweka kidole kwa ile bei ya uongo. "Karatasi inasema iko."

Wakuu, nikaanza kujitetea. Nikataja tiles, nikataja kabati za jikoni. Kweli gharama kama hizo hutolewa kwa faida, lakini akataka risiti. Fundi wangu nilikuwa namlipa cash, tunaaminiana tu. Risiti niliyokuwa nayo ni ya sinki.

Kuna mtu atauliza mbona nisiseme bei ya kweli. Niliuliza hiyo pia. Wakili akasema nitakuwa najishtaki kwa stamp duty niliyoruka, na mwezi utaisha kabla hiyo maneno haijaisha.

Nikitoka hapo, nikapata buyer kwa korido amekuja kusaini, akanivuta kando. "Bro, si tuandike chini kidogo? Wewe unaokoa, mimi naokoa."

Nilimwambia anipe lisaa. Nikazunguka barabara ya Argwings Kodhek kama mtu amepoteza funguo. Nilitaka kukubali, wacha niseme ukweli, nilitaka sana. Nyumba ya mathe ilikuwa hapo tu. Lakini huyo kijana hajui anachojifanyia, na mimi nilijua. Nikarudi nikakataa. Alikasirika, lakini alisaini bei yenyewe.

Nikalipa ushuru. Pesa ya kununua nyumba ya Mzee Kamau ikapungua, nikamwomba wiki chache. Alingoja mpaka mwezi ukaisha, akaongeza siku nne za bure, kisha akauzia yule mwingine. Simlaumu hata kidogo.

Sasa nimempangia mathe nyumba ya chini huko Uthiru. Anatembea na mkongojo mpaka kanisani.

Kwa wale mnanunua: andikeni bei ya kweli hata ikiwauma, na fundi akupe risiti hata kama ni ndugu yako. Kama hauna uhakika utakaa hapo miaka mitatu, ongea na wakili kabla ujitangazie faida ama hasara.

Lakini hiyo siyo inaninyima usingizi.

Mathe aliponiuliza kwa nini tulikosa nyumba, nilishikwa na aibu. Nikasema Mzee Kamau alitugeuka. Hawa ni watu wameketi benchi moja kanisani tangu nikiwa mtoto. Jumapili iliyopita mzee alimnyooshea mkono, na mathe akapita kama hakuna mtu.

Mzee akaniangalia mimi.

Nipeni maoni wakuu, nimwambie mathe ukweli aje, nianzie wapi. Leo ni Ijumaa, na kesho kutwa nampeleka kanisa.