Siku Niliyovaa Vikwembe Kumi na Sita Kupanda Ndege

Haya, chekeni, maana najua habari imekwisha kuwafikia ikiwa imeongezwa chumvi, na kama Bunia nzima inaisema basi afadhali niiseme kwa mdomo wangu: ndiyo, ni mimi yule mwanaume aliyevuliwa nguo kwenye uwanja wa ndege, mbele ya abiria, wapakiaji mizigo na askari wawili wa kofia za buluu, akizungushwa kama pia. Na hakuna aliyenilazimisha. Nilianza mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kushona, mwembamba kiasi kwamba sokoni wananiita Sindano. Miaka ile vita vilikuwa vimekwisha mdomoni (bunduki zingine zilikuwa bado zimelala chini ya vitanda vya watu), na barabara ya Kisangani, ile ya kupitia Mambasa na Niania, ilikuwa matope ya wiki nzima, tena ukibahatika. Kwa hiyo ilikuwa ndege au ubaki. Na mimi sikuweza kubaki, kwa sababu Kisangani alikuwako Fifi, binti wa marehemu kaka yangu, aliyekimbilia kwa mama yake mdogo baba yake alipouawa, na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa. Alinipigia simu akilia:

"Baba mudogo, bale batu banasema miye sina batu. Kama haufike, nani atasimama kwa nafasi ya baba?"

Neno hilo lilinichoma, kwamba mtoto wa kaka yangu hana watu! Nikaapa kwamba nitafika na kikwembe kipya (wenzetu wa mbali wanasema kitenge) kwa kila mama wa upande wa wakwe, kumi na sita kamili, ili wajue kwamba ana watu, na watu wenyewe wanajua kuvaa.

Sasa ndege zetu ni ndogo, watu kumi na wawili tu, na mzigo unapimwa mpaka kilo ya mwisho. Mfuko wangu ulikuwa umejaa tayari, tena umepimwa na kuachwa kaunta tangu Alhamisi. Ndipo Ijumaa asubuhi nikapata lile wazo (Mungu anisamehe, niliona ni akili kubwa): kwa nini nisivivae? Abiria naye hupimwa, ni kweli, lakini karani wa kaunta ni dada anayevaa nguo nilizomshonea mimi, na kila nikisafiri huniandika kilo hamsini na saba bila hata kunipandisha kwenye mizani, maana nani atapoteza muda kumpima Sindano?

Kujifunga vikwembe kumi na sita si mchezo. Mke wangu alishika ncha, mimi nikajizungusha chumbani mpaka kizunguzungu, kimoja juu ya kingine, halafu juu ya yote nikavaa kanzu pana ya kuazima kwa jirani. Tulipomaliza ndipo tukakumbuka kuangalia saa. Na kwenye pikipiki miguu ilikataa kutanuka, nikakaa upande kama bibi harusi, dereva naye akaenda polepole kwa huruma akidhani nina jipu.

Nilikuta ndege bado iko, imecheleweshwa na mvua ya Kisangani, lakini dada wa kaunta alishika kichwa.

"Sindano! Liste imefungwa, weye! Nafasi yako iko, lakini kilo zako sijue kama ziko."

Kiti kiko, kilo hazipo? Nikaona ni maringo ya watu wa ndege, nikapaza sauti, nikataja ndoa, nikamtaja marehemu, watu wote wakageuka kuniangalia. Akachoka na mimi, akanipeleka kwa rubani.

Rubani alikuwa mzee mfupi, kalamu ya risasi sikioni, karatasi juu ya goti. Hakunigombeza. Alinionyesha juu.

"Unaona jua, baba? Asubuhi hewa iko nzito, inatubeba muzuri. Jua ikipanda, hewa inakuwa nyepesi, na kiwanja ni ile ile fupi. Kila dakika, jua inakula kilo. Ile saa ulipaswa kufika nilikuwa nayo mia moja. Sasa imebakia makumi sita."

Jamani! Maisha yangu yote nilidhani wanaochelewa wanaachwa kwa kiburi, au kwamba wanamngoja mkubwa na kumwacha mdogo, kumbe kuna mtu ameketi na kalamu anapima nguvu za hewa! Hewa hii tunayovuta bure! Mimi ninapima viuno vya watu, yeye anapima jua na pumzi ya mlima, na anajua kwa kilo ngapi vitamkubali. Niliogopa kama mtu aliyeingia kanisani na viatu vya matope.

"Weye ni kilo ngapi?" akaniuliza.

"Hamsini na saba," dada akanijibia.

Rubani aliniangalia usoni, si tumboni. "Ni kweli, baba?"

"Kweli kabisa," nikasema.

Akaandika. "Basi panda. Nimekuamini, na bibi yangu ananingojea nifike muzima kwa chakula ya mangaribi."

Nikapanda ngazi. Mlangoni nikawaona watu wote kumi na mmoja wakinisogezea magoti nipite, baba mmoja amempakata mtoto mgonjwa, na mguu wangu ukagoma. Mimi ni fundi, uzito wa nguo naujua kwa mkono. Vile vikwembe vilikuwa kilo kumi na moja. Yaani mimi nilikuwa sitini na nane, rubani alikuwa anaondoka na kilo nane kupita zile sitini zake, na aliyeziiba ni mimi. Nikageuka, jasho linanitiririka.

"Piloti, nimedanganya," nikasema, nikapandisha kanzu.

Wapakiaji walipiga yowe. Mama mmoja mnene wa kiti cha mbele alishuka, akashika ncha ya kikwembe cha juu, akasema, "Zunguka, baba!" nami nikazunguka, na vikwembe vikatoka, chekundu, cha manjano, chenye ndege, chenye funguo, wapakiaji wakihesabu kwa sauti moja kama shuleni, askari wakipiga picha, mpaka "kumi na sita!" na mimi nikabaki na kaptura ya kuchezea mpira na fulana yenye matundu (fundi wa nguo, mimi!). Rubani peke yake hakucheka. Alinipa mkono kwanza. Halafu akasema:

"Mutu anapanda. Bikwembe binabakia."

Nililia. Sikuona haya ya kulia, haya ilikuwa imekwisha. Nikawaeleza habari ya Fifi, kwamba nikifika mikono mitupu watasema nini. Yule mama mnene akasikiliza, akamwambia rubani:

"Mufuko yangu ya viazi iko kilo kumi na mbili. Toeni ile, mutie bikwembe. Viazi itaenda siku ingine."

Akataja na kwao: Aveba. Na miaka ile, mtu wa Bunia akisikia unakotoka, kichwa kilikuwa kinapiga hesabu chenyewe: huyu ni wetu au ni wa upande ule tuliopigana nao vitani? Alikuwa wa upande ule. Nami jina langu la ukoo alikuwa amelisikia kaunta, nilipokuwa nikipayuka, kwa hiyo hesabu yake alishaipiga. Akatoa viazi vyake hivyo hivyo.

Ndege ikakimbia, ikakimbia, kiwanja kikaanza kuisha, nikaona majani ya mwisho yanatujia, na hapo tu, mwishoni kabisa, ikanyanyuka. Niliyaona yale majani yakipita chini karibu mno. Nikajua zile kilo nane zangu zingetuacha wapi.

Mama wa Aveba nilimwalika kwenye sherehe, akaja. Wakwe walipokaa, kabla sijawagawia mama zao vikwembe, msemaji wao akasimama na kuuliza kwa sauti ya dharau kidogo, "Batu ya baba wa huyu mutoto bako wapi?" Nikasimama, peke yangu, na kanzu ya kuazima. Kisha nikasikia kiti kinalia nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama naye, anajinyoosha nguo.

"Na miye iko hapa. Miye ni shangazi yake," akasema.

Fifi aliniangalia, na macho yake yanauliza. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Basi nimeapa: uwanja wa ndege nafika kabla ya karani, napanda mizani bila kuambiwa, na nguo navaa moja. Na mtu akiniuliza Fifi ana mashangazi wangapi, namhesabia na yule wa Aveba, tena namtaja wa kwanza, na asiyependa apeleke nguo zake kwa fundi mwingine.