Pete za Rangi Kuzunguka Taa

Baba alifundisha sayansi katika shule ya msingi karibu na Gachoka. Mwalimu Mzungu aliyerudi kwao baada ya uhuru alimwachia picha za kale, zilizopakwa rangi kwa mkono, zikionyesha jinsi maumbile yanavyodanganya macho: ziwa jangwani pasipo na maji, kivuli cha mtu kikiwa jitu juu ya ukungu wa mlima, mwezi uliozungukwa na pete za rangi. Alizitundika sebuleni.

Nilikuwa darasa la saba jioni ile aliposema taa yetu ya mafuta ina pete.

"Tazameni," alisema kwa furaha. "Nyekundu nje, samawati ndani. Kama kwenye picha ya mwezi!"

Sisi hatukuona kitu. Akaeleza kwamba ni unyevu hewani unaopinda mwanga. Mama aliacha kuchagua ndengu.

"Baba watoto, huku Gachoka ukungu uko wapi? Hata mvua hatujaiona."

Baba alicheka. Miezi ikapita, kichwa kikawa kinamuuma, bega likawa linagonga milango. Kila Mama alipomsihi aende hospitali, Baba alimsimamisha mbele ya ile picha na kumfundisha upya. Siku aliyomimina chai kando ya kikombe, Mama alimshika mkono tukaenda Embu.

Daktari alimmulika macho kwa muda mrefu. "Mwalimu, ni presha ya macho; inakula uoni polepole. Zile pete zilikuwa dalili. Kilichopotea hakirudi."

"Na kilichobaki?"

"Tutajaribu."

Matone ya dawa hayakusaidia. Baba akaombewa kanisani, akanywa majani machungu aliyokuwa akiwakataza wanafunzi wake, akalia mbele yetu bila kujificha. Lakini shule hakuiacha. "Nikikaa nyumbani nitakufa," alimwambia Mama.

Siku moja darasani, nami nikiwa miongoni mwa wanafunzi wake, alituandikia somo ubaoni, kisha akaandika jingine juu ya lile lile, na la tatu juu yake. Hakuna aliyecheka. Tulishika kalamu tu, hatujui tunakili nini. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akipita nje, aliingia polepole, akaichukua chaki vidoleni mwake.

"Twende, Mwalimu," alimwambia.

"Sijamaliza," Baba akasema. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono, akitafuta wa kumwongoza.

Nikainuka, nikaenda kumshika.